Kigezo cha Hatakeyama

Kila mwaka, theluji ikianza kuyeyuka juu ya paa za hospitali ya chuo kikuu cha Kurohama, Profesa Hatakeyama alivua miwani, saa na mkanda, akajilaza kwenye mashine ya idara yake mwenyewe. Madaktari wote wa Idara ya Tiba ya Nyuklia walijipanga nyuma ya kioo kutazama ubongo wa mkubwa wao ukila sukari.

Sukari hiyo ilitiwa mionzi kidogo, ikadungwa mshipani. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huila, na mashine huona inapoliwa. Sehemu iliyochoka haili, nayo huonekana giza. "Elimu yote ni hiyo," profesa alikuwa akiwaambia wanafunzi wa mwaka wa nne. "Yaliyobaki ni kuwa na macho na kuacha woga."

Desturi hiyo aliianzisha akiwa kijana. Ili kumjua mgonjwa ulihitaji kwanza kumjua mzima, na hakukuwa na mzima aliyekubali kudungwa sindano ya mionzi bila sababu. "Basi nidungeni mimi," akasema. Picha zake zikachanganywa na za manesi wawili watatu na wahadhiri waliolazimishwa, kikapatikana kipimo cha ubongo mzima ambacho kompyuta ilikitumia kumlinganisha kila mgonjwa. Kikaitwa Kigezo cha Hatakeyama. Manesi waliolewa wakahama, wahadhiri wakachoka. Profesa hakuchoka. Kila mwaka picha yake mpya iliongezwa humo, kila mwaka watu wakapiga makofi, kisha wote wakaenda kula kaa wa theluji, na Profesa Mshiriki Naruse akammiminia sake, pombe ya mchele, kwa mikono miwili. Kwa hiyo ubongo wa kawaida ambao mkoa mzima ulipimwa nao ulikuwa, kwa sehemu kubwa, kichwa cha mtu mmoja.

Hakuna aliyeona jambo la ajabu hapo. Nani angesimama mbele ya Hatakeyama amwambie kwamba yeye si wa kawaida?

Mwaka ule profesa alikuwa anastaafu. Anayestaafu pale hutoa hotuba ya mwisho mbele ya chuo kizima, akapewa maua, akalia kidogo, na watu wakalia naye kwa kiasi kinachostahili. Hotuba ya Hatakeyama ilikwisha kupewa kichwa: "Miaka Thelathini ya Ubongo Mzima." Kazi ya kupanga picha ilikuwa ya kuchosha, kwa hiyo ikapewa Tsukuda Orie, mhadhiri mwanamke pekee wa idara, binti wa dobi, ambaye alipewa kila kazi ya kuchosha huku akiambiwa kuwa anaaminiwa.

Orie alizipanga kwa mstari mmoja, ya kwanza hadi ya mwisho. Za mwanzo ziliwaka kama makaa. Za katikati pia. Tatu za mwisho hakuzipenda. Ndani, upande wa nyuma katikati, paliingia ukungu. Kwenye pande mbili, juu ya masikio, ukungu ule ule. Aliiuliza kompyuta. Kompyuta ikajibu kwa utulivu: mzima.

Orie akanywa chai yake ya shayiri iliyopoa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya. Alimtoa Hatakeyama kwenye Kigezo cha Hatakeyama, akamlinganisha na wale wengine wachache tu.

Bluu ikatokea. Kompyuta hupaka bluu mahali panapokula kidogo kuliko inavyopasa, na sasa ilipaka pale pale penye ukungu, bila kusita, kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo siku nyingi.

Alikaa akiitazama. Yakamjia yale ya Jumanne moja ya majira ya kupukutika majani. Kila Jumanne profesa alizunguka wodini akiwa mbele, na nyuma yake madaktari wote kwa ngazi zao: Naruse, kisha mhadhiri Kuwabara, kisha wengine mpaka wanafunzi, makoti meupe mstari mmoja kama bata wanaovuka barabara. Siku hiyo profesa, badala ya kupinda kulia kwenda wodi ya wanaume, alipinda kushoto akafungua mlango wa stoo ya mashuka. Akaingia. Wakaingia wote. Wakasimama humo wamebanana, harufu ya sabuni imejaa, profesa akizitazama rafu, na Naruse, Mungu amsamehe, akatoa kalamu akaanza kuandika.

"Vizuri," profesa akasema hatimaye, akatoka. Wakatoka.

Wiki iliyofuata Kuwabara alipendekeza kikaoni kwamba ukaguzi wa mashuka uingizwe rasmi kwenye ratiba. Pendekezo likapita.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya pale. Profesa aliposimulia kisa kimoja mara mbili kwenye chakula kimoja, walicheka mara mbili, na mara ya pili kwa sauti zaidi. Alipomwita Orie kwa jina la mwanafunzi aliyehitimu zamani, Orie aliitika. Leo Mwalimu, kama wote walivyomwita profesa, ameshazikwa na picha yake ya ukutani imefungwa utepe mweusi, na wapo wanaoapa kwamba hawakuona dalili yoyote. Hao kazi yao ni kuona.

Asubuhi iliyofuata Orie alimpelekea Naruse picha. Kuwabara alikuwa humo ofisini, akimchagulia Naruse tai ya sherehe.

"Umemtoa Mwalimu kwenye Kigezo?" Naruse aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyesikia kwamba jivu la babu yake limetupwa jaani.

"Nimemlinganisha na wengine."

"Wengine gani? Manesi wawili na Kuwabara?"

"Mimi ni mzima," Kuwabara akasema haraka.

"Hakuna aliyekuuliza."

"Daktari Naruse, itazame tu," Orie akasema. "Unajua unachokiona."

"Naona picha. Picha ina sababu nyingi. Labda alisinzia. Labda kichwa kilipinda."

"Kilipinda miaka mitatu mfululizo?"

"Alikunywa kahawa," Kuwabara akasaidia.

Naruse akaifunika picha kwa tai ya bluu. "Sikiliza, dada yangu. Mwezi ujao Mwalimu anastaafu. Akitoka hapa anakwenda kuongoza kile kituo kipya cha uchunguzi karibu na stesheni. Uso wake uko kwenye mabango mpaka ndani ya treni. Unataka nani aende kumwambia?"

"Kituoni atasoma picha za watu kila siku."

"Ndiyo kazi aliyoajiriwa."

"Na atazigonga muhuri wake."

"Sasa ulitaka agonge wa nani?"

Kuwabara akacheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza.

"Dawa mpya ya ugonjwa wa kusahau inafaa mwanzoni tu," Orie akasema. "Kila mwezi unaopita anapoteza. Na wagonjwa je? Wote tuliowapima kwa Kigezo hiki tukawaambia nendeni, ni wazima?"

Kuwabara aliangalia viatu vyake. Naruse aliichukua tai, akaikunja vizuri sana.

"Hayo," akasema, "tutayatazama baada ya sherehe."

"Basi mkewe aambiwe."

"Mkewe anajua."

"Nani kamwambia?"

"Wake hujua."

Orie alitoka. Alijua vizuri kitu ambacho Naruse hakukisema: kiti cha profesa kilikuwa kinaachwa wazi, kamati ya uteuzi ilikuwa bado haijakaa, na hakuna anayetaka kuingia kwenye kiti kwa kumvua mwenye kiti nguo mbele za watu. Na Orie mwenyewe alikuwa anaogopa. Mwalimu huyu ndiye aliyempokea wakati profesa wa idara nyingine alipomwambia kwamba mwanamke na mionzi haviendani. "Hata mwanaume haendani nayo," Hatakeyama alikuwa amesema. "Njoo." Unamwendeaje mtu kama huyo na kumwambia kwamba anazimika?

Akatafuta njia ya kumwambia bila kusema. Akaipata kwenye sheria ya Mwalimu mwenyewe.

Kila Ijumaa idara ilikuwa na darasa la kusoma picha. Sheria yake profesa aliitunga zamani na hakuwahi kuilegeza: picha haina jina, haina umri, haina cheo. Anasoma kwanza aliye chini, anapanda mpaka aliye juu. Orie ndiye aliyekuwa akichagua picha za wiki. Ijumaa ile aliiweka ile picha ya mwisho katikati ya nyingine. Fuvu la Hatakeyama lilijulikana na kila mtu mle. Lilikuwa jembamba, na upande wa kushoto lilibonyea tangu alipoanguka kwenye vyuma vya mazoezi shuleni. Ataliona, Orie alijiambia. Ataliona fuvu, ataona giza, na hakuna atakayelazimika kufungua mdomo.

Picha ikatokea kwenye skrini. Fuvu lile walilijua wote. Kalamu ya mtu ikaanguka na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Haya, wa chini," profesa akasema. "Soma."

"Naona," daktari mwanafunzi akaanza, "naona picha nzuri sana, Mwalimu."

"Nzuri kama nini? Kama bibi harusi? Soma ubongo."

"Ubongo ni... umetulia."

"Umetulia. Amfuatie mwingine."

Mwingine alisema usawa wa pande mbili unapendeza. Wa tatu alisifu mashine. Zamu ikamfikia Kuwabara, jasho likimtoka ingawa kipasha joto kilikuwa kimeharibika.

"Ni mzima, Mwalimu. Tena mzima wa kupigiwa mfano."

"Naruse?"

Naruse akasimama, akaweka mkono kifuani. "Kigezo kinasema ni mzima, Mwalimu. Mimi ni nani nibishane na Kigezo?"

Orie alikuwa akimtazama profesa tu. Alikuwa anangoja ule uso ubadilike. Haukubadilika. Profesa alikuwa akilitazama fuvu lake mwenyewe kama mtu anavyotazama nyumba ya jirani asiyemjua. Katika chumba kile chote, mtu mmoja tu hakulitambua.

Kisha profesa akainuka, akachukua fimbo ya kuonyeshea, akaigonga skrini kwa nguvu.

"Vipofu! Nimewalisha miaka yote hii, nimewalisha nini? Hapa nyuma, ndani, katikati, pamezimika. Hapa juu ya sikio, pamezimika. Na huku. Mbele bado panawaka, ndiyo maana bado anaongea vizuri na kuwadanganya wajinga kama nyinyi. Huyu mtu anaumwa kusahau, tena hakuanza jana. Mwanafunzi wa mwaka wa nne akiwa amelewa angeona! Kigezo kinasema mzima? Basi Kigezo kibovu. Nani alikitengeneza?"

Naruse akapatwa na kikohozi kirefu.

"Mgonjwa wa nani huyu?"

"Wangu, Mwalimu," Orie akasema.

"Ameambiwa?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Watu wanamheshimu sana."

"Heshima!" Profesa aliangusha fimbo mezani. "Anafanya kazi gani?"

"Anafundisha."

"Mpaka leo? Na mnamwacha aendelee? Hiyo si heshima, huko ni kumchezea mtu shere mbele ya wanafunzi wake. Mwambie leo. Na usianze na mkewe. Madaktari wa hapa wanapenda kuanza na mke, kana kwamba mgonjwa ni mzigo wa kupokelewa mlangoni. Mwambie mwenyewe. Keti, naye aketi. Usimpe asilimia, hakuja kununua hisa. Na wewe usilie. Kulia ni zamu yake. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Picha inayofuata."

Baada ya chakula cha mchana Orie alibisha hodi. Profesa alikuwa akimenya chenza, maganda ameyapanga juu ya jarida la kitabibu. Orie akaketi bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwalimu, yule mgonjwa wa asubuhi. Umeniambia nimwambie leo."

"Umemwambia?"

"Namwambia sasa."

Orie alidhani hakueleweka. Profesa alikitia kipande cha chenza mdomoni, akakitafuna, akakimeza. Halafu mkono wake ukapanda taratibu upande wa kushoto wa kichwa, ukatafuta pale palipobonyea, ukabaki hapo.

"Ilete," akasema.

Orie alikuwa nayo. Profesa akaitazama muda mrefu.

"Kichwa kilipinda," akasema.

"Hakikupinda, Mwalimu."

"Nilisinzia humo ndani. Mashine ile inabembeleza."

"Ulikuwa unaimba. Tulikusikia kwenye kipaza sauti."

"Basi nilikunywa kahawa."

Visingizio vyote vitatu alikuwa amekwisha kuvisikia ofisini kwa Naruse, na kwa mpangilio karibu ule ule.

"Nani mwingine anajua?"

"Wote."

"Tangu lini?"

"Picha, tangu asubuhi. Mengine..." Alisita. "Tangu stoo ya mashuka."

"Ule ulikuwa ukaguzi," profesa akasema kwa ukali.

"Hapana, Mwalimu."

"Naruse aliandika!"

"Ndiyo. Aliandika."

Profesa akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Uso ulikuwa umemwiva. "Msafara mzima. Watu wenye shahada mpaka za ng'ambo. Mnanifuata mpaka kwenye mashuka, na hakuna hata mmoja wa kuniuliza, mzee, tunakwenda wapi? Hata mfagizi angeniuliza! Na wewe?"

"Na mimi nilifuata."

"Umenidhalilisha leo asubuhi."

"Umesoma picha mwenyewe, Mwalimu. Sisi tulisema ni mzima."

Profesa alivuta kiti. Akaketi. Zamu yake ya kulia ilipofika aliichukua, kwa kifupi, akijifuta kwa kitambaa kilichonuka chenza, na Orie akatazama maganda mezani na kuuma meno, kwa sababu alikuwa ameagizwa asilie.

"Kwenye Kigezo nimo kiasi gani?" akauliza baadaye.

"Kuliko mtu yeyote."

"Kwa hiyo wengine wenye picha kama hii..."

"Tumewaambia ni wazima."

Akanyanyua simu akamwita Naruse. Naruse alifika akihema, amekwisha kutayarisha uso wa pole, na kumbe aliyekuwa anahitaji pole alikuwa yeye.

"Nitoe kwenye Kigezo."

"Mwalimu, Kigezo kina jina lako..."

"Kichwa changu kitoke. Jina baki nalo, livae kama tai."

"Ingefaa tuunde kamati ndogo, halafu baada ya sherehe..."

"Hakuna sherehe. Hakuna hotuba. Na hao wa kituo waambie washushe uso wangu kwenye treni yao." Akamgeukia Orie. "Na wewe, toa kila picha niliyoigonga muhuri kuwa ni nzima tangu ukungu huu uanze. Tunazisoma upya."

"Sisi?" Naruse akauliza.

"Mimi na Tsukuda. Wewe kakague mashuka."

Kwa hiyo wiki zile ambazo zingekuwa za kupokea maua, Hatakeyama alizimalizia kwenye chumba cha kusomea picha, amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi, Orie akibonyeza, yeye akisoma. Majina yalikuwa yanamtoka. Aliuliza jambo moja na kulirudia, naye Orie alilijibu upya. Lakini kusoma, aliweza bado. Na kila alichosoma kilihakikiwa na Orie, kwa amri yake mwenyewe.

"Huyu si mzima. Nani alisaini?"

"Wewe, Mwalimu."

"Mjinga. Apigiwe simu. Nyingine."

"Hii."

"Huyu mzima kabisa, ana wasiwasi tu. Nani alisaini?"

"Wewe."

"Basi hakuwa mjinga kila siku. Nyingine."

Ghorofa ya juu, Naruse alikuwa akitunga maneno ya kuwaambia wagonjwa. Alileta rasimu: kutokana na marekebisho ya kawaida ya mitambo, hospitali ingependa kuwaalika tena. Hatakeyama aliisoma, akaifutia miwani, akamrudishia.

Kisha ikaja picha ya mama mmoja anayeitwa Isurugi, mwenye duka la tofu nyuma ya soko, ambaye mwaka uliopita alitoka hospitalini anacheka kwa sababu profesa mzima alimwambia ni uchovu tu. Profesa aliitazama, asiseme 'mjinga' wala 'nyingine'.

"Nipe simu hiyo."

"Nitampigia mimi, Mwalimu."

"Nipe."

Orie akampa, akamwandikia jina la mama huyo kwa herufi kubwa, akalishika mbele ya macho yake.

"Mama Isurugi? Hatakeyama hapa, wa hospitali. Ndiyo, yule yule... Nilikwambia wewe ni mzima. Nilikosea." Akasikiliza. "Hapana, mama, mashine haina kosa. Ni mimi... Ndiyo, ipo dawa. Haiponyi, inachelewesha, na tumekwisha kukupotezea muda, kwa hiyo njoo Jumatatu, usingoje barua." Akasikiliza tena, zaidi, na shingo ikamlegea. "Nakuelewa. Gomba tu, mama, una haki. Gomba."

Orie alisikia sauti ya yule mama ikipanda na kushuka ndani ya simu. Profesa hakuiondoa sikioni mpaka ilipochoka.

"Jumatatu," akasema mwishoni. "Hapana, sitakuwa ofisini, mama. Nitakuwa kwenye benchi la wagonjwa kama wewe, nangoja sindano yangu ya dawa hiyo hiyo. Ukifika kabla yangu, nishikie nafasi."